Si uvivu, huenda ni sonona

Wengi tunamtambua mgonjwa wa sonona kwa kukosa usingizi, kukataa chakula na kukonda. Lakini iko sonona ya aina nyingine, ambayo majumbani huitwa uvivu. Mwenye nayo hulala masaa 10 au zaidi kwa siku na bado akaamka amechoka. Hula kupita kawaida, akanenepa. Mikono na miguu humwia mizito kama iliyofungwa mawe, na neno dogo la kukosolewa humuumiza mno. Akija mgeni ampendaye, hucheka! Hapo ndipo jamaa husema anajifanya. La hasha, kuchangamka huko kwa muda ni dalili mojawapo ya aina hii.

Hali ikifika wiki mbili, mpelekeni hospitali. Daktari huenda akapima kwanza damu na tezi ya shingo, kwani upungufu wa damu nao huchosha. Tiba ni mazungumzo na mtaalamu, dawa kama fluoksetini, au vyote viwili. Dawa huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu, asiikatishe ghafla. Ramadhani ikikaribia, amuulize daktari ameze wakati wa futari au daku.

Akianza kutaja kufa, msingoje miadi ya wiki ijayo. Mpelekeni siku hiyo hiyo, wala asiachwe peke yake.