Mtoto Anapomaliza Chekechea: Kazi ya Nyumbani Kabla ya Januari

Novemba ni mwezi wa mahafali. Katika shule nyingi za chekechea, hasa za binafsi mijini, watoto wadogo huvalishwa joho na kofia bapa, wakapandishwa jukwaani kutaja majina yao na wanachotaka kuwa: daktari, rubani, mwanajeshi. Keki hukatwa, picha hupigwa, na mchango wa sherehe hulipwa kwa kunung'unika kidogo. Hakuna ubaya. Ubaya huja pale fedha na nguvu za wazazi zinapoishia kwenye joho, na likizo ndefu inayofuata ikapita mtoto akikesha mbele ya televisheni.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, inaweka elimu ya awali Tanzania Bara kuwa mwaka mmoja, kwa mtoto wa miaka 5. Darasa la kwanza huanza akiwa na miaka 6. Zanzibar, maandalizi huchukua miaka 2. Shule za serikali za Bara hazitozi ada tangu Januari 2016, ingawa sare, viatu na madaftari bado ni mzigo wa mzazi.

Kwenye karatasi hatua yenyewe ni fupi. Mara nyingi darasa la awali na la kwanza yamo ndani ya uzio mmoja. Lakini kwa mtoto mambo mengi yanageuka kwa mpigo. Kipindi cha dakika 20 kinakuwa cha dakika 30. Kona ya hesabu yenye vifuniko vya soda na kokoto inabaki nyuma, na mbele yake kuna dawati na ubao. Mwongozo wa elimu ya awali unataka mwalimu mmoja awe na watoto 25. Shule nyingi za serikali zimepita idadi hiyo zamani, na darasa la kwanza nalo mara nyingi huwa limejaa. Katika umati huo hakuna atakayemfunga mtoto vifungo wala kumuuliza kama amebanwa na mkojo.

Chukua mfano wa familia ya Mbagala, jijini Dar es Salaam, inayoishi vyumba viwili vya kupanga. Baba ni dereva wa daladala, mama ana genge la mboga, bibi amehamia kwao kutoka Lindi, na binti yao anaingia darasa la kwanza mwakani. Baba hutoka saa 10 alfajiri na kurudi saa 4 usiku. Binti hukataa kulala mpaka amwone. Akifika, kuna kurukiana, kuna andazi lililofungwa kwenye gazeti, kuna hadithi za abiria. Ni nani atakayethubutu kuikatiza furaha hiyo? Basi mtoto hulala saa 5, na asubuhi kuamshwa kwake ni vita.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa miaka 3 hadi 4 anahitaji saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku, na skrini isizidi saa moja. Wa miaka 5 au 6 hapungui sana hapo, na usingizi wa mchana haupo tena. Hesabu ni nyepesi: anayeamka saa 12 asubuhi anapaswa awe amelala saa 2 usiku, wakati taarifa ya habari inaanza. Tamthilia ya saa 3 haimhusu.

Nyumba kama hiyo haiwezi kumrudisha baba mapema, na ni kupoteza muda kumhubiria. Inachoweza ni kuuhamisha mkutano wao. Saa 1 na nusu jioni, gari likisubiri zamu kituoni, baba anapiga simu ya mama na kuzungumza na binti dakika tano. Andazi linaliwa asubuhi, na siku asiyopangiwa gari inakuwa yao. Usingizi nao usivutwe nyuma kwa usiku mmoja. Robo saa kila baada ya siku mbili tatu, kuanzia mwanzoni mwa Desemba, inatosha.

Bibi ana kazi kubwa kuliko anavyodhani. Mchana anapoketi uani na ungo wa mchele, mjukuu huja kuchambua naye: kokoto huku, chuya kule. Vidole viwili vinavyookota chuya ndivyo vitakavyoshika penseli, na macho yanayoitafuta kokoto nyeupe ndani ya mchele mweupe yanajizoeza kutofautisha b na d.

"Umetoa ngapi, mjukuu wangu?"

"Nane, bibi. Hapana, tisa!"

Hiyo ni hesabu tayari, na haikuhitaji daftari. Jioni vikija vitendawili, mtoto anajifunza kusikiliza mpaka mwisho kabla ya kujibu, jambo ambalo walimu wa darasa la kwanza hulalamika mno kwamba watoto hawaliwezi. Kama bibi anatega kwa Kimwera au Kimakonde, atege. Mtoto mwenye maneno mengi katika lugha ya nyumbani ana mahali pa kuyaegemeza ya Kiswahili.

Kuhusu kusoma, wazazi wengi wana pupa. Wapo wanaomtafutia mtoto mwalimu wa tuisheni ili afaulu usaili wa shule ya binafsi, na wapo wanaojivunia kwamba anaimba herufi zote kwa Kiingereza. Katika shule zinazofundisha kwa Kiswahili, kusoma huanzia kwenye sauti: irabu a, e, i, o, u, kisha silabi, ma, me, mi, kisha neno. Mtoto aliyekaririshwa "ei, bii, sii" akifika hapo huchanganyikiwa, maana "bii" na "ei" haziungani kuwa "ba". Mzazi anayetaka kusaidia acheze na sauti: "Nani anajua neno linaloanza na ma?" Mama, maji, maembe. Kazi ya Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK, ndiyo hasa darasa la kwanza na la pili. Hakuna haja ya kuimaliza sebuleni.

Yako mambo machache yasiyopendeza kuandikwa lakini yanayowaliza watoto Januari kuliko silabi yoyote. La kwanza ni choo. Mtoto aliyezoea poti au choo cha kukaa anaweza kubana siku nzima kwa kuogopa tundu la choo cha shule. Azoeshwe kuchuchumaa, kujisafisha na kunawa kwa sabuni. Ajue kufungua na kufunga kaptula au sketi yake mwenyewe. Ajue jina lake kamili, la mzazi, la mtaa, na namba moja ya simu. Pia aambiwe wazi kwamba mtu yeyote akimshika sehemu za siri, hata akiwa mjomba au mwalimu, aseme nyumbani siku hiyohiyo. Namba 116 ya msaada kwa mtoto hupigwa bila malipo.

Afya nayo hubadilisha mlango. Matone ya vitamini A, yanayotolewa Juni na Desemba, ni ya watoto walio chini ya miaka 5. Kuanzia hapo dawa za minyoo humfuata mtoto shuleni. Kadi ya kliniki isitupwe. Cheti cha kuzaliwa kikiwa hakijapatikana, kadi hiyo inaonyesha tarehe ya kuzaliwa wakati mzazi akifuatilia cheti kwa wakala wa usajili, RITA. Mwenye selimundu, pumu au kifafa, mwalimu aelezwe siku ya kwanza: dalili ni zipi, anywe maji mara ngapi, apigiwe nani. Anayesogelea sana televisheni au asiyegeuka anapoitwa kwa nyuma apelekwe kupimwa macho na masikio kabla hajaketishwa nyuma ya darasa.

Wiki za mwanzo, mtoto aliyekuwa mchangamfu anaweza kulia getini, kukojoa kitandani au kurudi na njaa ya ajabu. Mara nyingi huo ni uchovu wa mambo mapya. Apewe chakula, aachwe acheze, aulizwe alikaa na nani badala ya "umepata ngapi". Hali hiyo ikivuka mwezi, mzazi amwone mwalimu wa darasa, na ikibidi kituo cha afya. Na jina liandikwe kwa kalamu isiyofutika ndani ya kola ya sweta, kwa sababu sweta zote ni za rangi moja na ya pili hainunuliwi Februari.