Masikio Yaliyotokeza: Kuyatengeneza ni Dawa au ni Pambo?

Somo hili lahusu jambo ambalo watu hulidharau illa yule aliyepatwa nalo: sikio lililoumbika kubwa mno, au lililotokeza nje ya kichwa, na hukumu ya kulitengeneza kwa kisu.

Kasulu na Kibondo ziko katika vilima vya Buha, juu ya Ujiji, mji ambao watu wa pwani waujua tangu zama za misafara. Na vijana wengi wa Buha zamani walifika Tanga kukata mkonge. Mtoto wa huko mwenye masikio yaliyotokeza hupata yale yale ayapatayo mtoto wa Lamu: hutazamwa, huchekwa, huitwa majina, hata akachukia chuo na shule. Baba akitaka shauri, huyu humwambia, "Mpeleke hospitali wakamkate", yule humwambia, "Usibadili alichokiumba Mungu." Na safari ya hospitali kubwa kutoka Kibondo si ndogo. Mtu hauzi ng'ombe wake kwa jambo lenye shaka.

Wakatazao hutegemea aya ya 119 ya Suratun Nisaa, ambamo Shetani aapa kuwaamrisha watu wapasue masikio ya wanyama na wabadili maumbile ya Mungu. Lakini sababu yake yajulikana: Waarabu wa ujahili walikuwa wakimpasua ngamia sikio na kumwacha kwa ajili ya masanamu yao. Hutegemea pia hadithi ya Ibn Masud juu ya wanawake waliolaaniwa kwa kuchonga mianya ya meno kwa kutaka uzuri. Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafii yafuatwayo pwani, alilitazama sana hilo la kutaka uzuri, akabainisha kwamba kilichoharimishwa ni kufanya kwa pambo. Ama kwa tiba, au kwa aibu iliyo katika jino, hapana ubaya.

Tena kiko kisa cha Arfaja, aliyekatika pua siku ya vita vya Kulab. Alijifanyia pua ya fedha, ikanuka, Mtume (S.A.W.) akamwamrisha afanye ya dhahabu, na hali dhahabu ni haramu kwa wanaume. Asiyeona dalili hapa hataiona popote. Mwaka 2007 Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, ilipokutana Putrajaya, Malaysia, iliamua kwa njia hiyo hiyo: kuondoa aibu ya kuzaliwa nayo, au iliyompata mtu baadaye, yajuzu, na kubadili umbo lililo sawa kwa kufuata hawaa, haijuzu.

Basi swali ni kama sikio hilo lina aibu ya kweli. Sikio pana alilorithi mtu kwa babu yake, wala halimdhuru, na liachwe. Matabibu huhesabu kuwa sikio limetokeza likiwa mbali na kichwa kupita sentimita 2 hivi, na mara nyingi sababu ni kwamba gegedu, yaani ule mfupa laini, halikukunjika mahali pake. Mwaka 1881 tabibu Edward Ely wa New York alimpasua kijana wa miaka 12 ambaye wenziwe walikuwa wakimfanyia mzaha. Leo hukata ngozi nyuma ya sikio, wakalikunja gegedu na kulishona kwa ndani, na kovu likafichika. Mtoto hungojwa afike miaka 5 au 6, maana hapo sikio limekaribia ukubwa wake. Hatari zipo: damu kujikusanya, gegedu kuingia usaha, na kovu kufura likapita jeraha lenyewe. Hili la mwisho huwapata zaidi watu weusi, khasa masikioni. Aliyepata kuvimba kovu alipotogwa ndewe, au nduguye, na aseme kabla ya kisu. (Ama mwanamke ambaye ndewe yake imechanika kwa majasi mazito, kuishona ni kurejesha, si kubadili.)

Lakini lililo kubwa kwa mtu wa Kasulu au Kibondo halitaki kisu. Sikio la mtoto mchanga ni laini mno kwa athari ya homoni za mama zilizobaki mwilini mwake. Katika majuma 3 ya kwanza tabibu aliyefundishwa huweza kulikunja kwa kijiti laini na kulishika kwa plasta, likakaa hivyo kwa majuma kadhaa, likashika umbo. Miezi ikipita, gegedu hukaza, na njia hubaki ile ya kisu. Wala watu wa nyumbani wasilikaze kwa kitambaa, maana ngozi ya mtoto huchubuka upesi. Sikio dogo lililoziba tundu ni jambo jingine. Hilo hupimwa kusikia kwanza, kabla ya kufikiriwa sura.

Siku ya saba, mtoto anaponyolewa na kufanyiwa akika, kichwa chake ki wazi mbele ya baba na wazee. Hapo masikio yatazamwe yote mawili, na likionekana lililokunjika au kutokeza, apelekwe kwa tabibu juma lile lile.