Dawa Kuukuu Ghalani

Katika miaka ya 1980 shamba la Vikuge, Kibaha, lilipokea shehena ya viuatilifu. Banda likachakaa, na DDT ikabaki udongoni miaka mingi. Huku Kabanga tunachohofia ni kidogo ila kiko karibu zaidi: chupa ya dawa isiyo na lebo, kando ya gunia la maharage.

Zamani majukumu haya yaligawanyika baina ya wizara na taasisi ya utafiti, na mwananchi akazungushwa. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iliyaweka chini ya mamlaka moja, TPHPA. Mwarifu afisa ugani, naye afikishe taarifa huko. Usiichome, usiifukie, wala usiimimine mtoni. Chupa tupu, hata ikisuuzwa mara tatu, haifai kutiliwa mawese.