Lafudhi, Mhusika na Umri: Mabadiliko ya Kipindi cha Vitimbi

Makala hii inadhamiria kuchunguza jinsi kipindi cha Vitimbi kilivyobadilika katika maisha yake marefu kwenye runinga ya taifa. Wahakiki wetu wameandika mengi kuhusu tamthilia andishi. Vichekesho vya runinga aghalabu hupitwa kwa hoja moja tu, kwamba vinaharibu Kiswahili. Hoja hiyo ina uzito wake, lakini inakitazama kipindi kana kwamba kilikuwa kitu kimoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Vitimbi kilianza katika miaka ya 1980, enzi ya Sauti ya Kenya, shirika ambalo mwaka 1989 lilikuja kuitwa Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC). Hadi KTN ilipoanza mwaka 1990, mtazamaji hakuwa na kituo kingine cha nchini. Tanzania Bara nayo haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Kwa hiyo hata mkazi wa Taveta, aliye karibu na Moshi kuliko Mombasa, alikingoja kicheko cha runinga kwa Kiswahili kutoka Nairobi.

Mwanzoni mhimili wa kicheko ulikuwa lafudhi. Benson Wanjau, Mkikuyu, alivaa jina la Mzee Ojwang' pamoja na lafudhi ya Kijaluo, ile inayoifanya "shida" kuwa "sida". Sammy Muya akawa Masanduku arap Simiti, jina la Kikalenjin. Mary Khavere akawa Mama Kayai. Hapa pana jambo ambalo walinzi wa lugha hawalitaji: lafudhi ile haikuwa ya mwigizaji, ilikuwa barakoa. Asiyejua hilo alimcheka jirani yake. Aliyejua alicheka uigizaji. Mwanafalsafa Henri Bergson, katika kitabu chake cha mwaka 1900 kuhusu kicheko, alidai kwamba tunacheka pale kiumbe hai kinapotenda kama mashine. Matamshi yanayorudi yale yale kila wiki ni mashine ya aina hiyo. Tatizo la mashine ni kwamba huzoeleka.

Kwa mtazamaji wa Taveta suala hili lina utata wake. Siku za soko, Jumatano na Jumamosi, mnunuzi hupita kati ya Mtaveta, Mtaita, Mchaga, Mkamba na Mmaasai, wote wakinadi kwa Kiswahili, kila mmoja akiacha alama ya lugha ya mama katika matamshi yake. Hakuna anayecheka. Lafudhi pale ni habari: humdokezea mnunuzi ndizi zimetoka upande gani wa mpaka, na pengine bei itashuka kiasi gani. Ndiyo maana nashikilia kwamba lafudhi peke yake haichekeshi. Huchekesha inapopandishwa jukwaani mbele ya watu waliofundishwa kuwa kuna namna moja tu iliyo sahihi. Mwanafunzi anayecheka "sida" ameshajua kwamba sanifu ni "shida". Kicheko chake kinathibitisha ujuzi wake. (Mtahini, bila shaka, ana mizani nyingine.)

Kadiri miaka ilivyosonga, mhimili ulihama. Kwa istilahi za uhakiki, Ojwang' alikuwa mhusika bapa: mume mwenye maneno mengi aliyeoa mwanamke asiyekubali kushindwa. Naam, na aliendelea kuwa bapa. Kilichoongezeka ni kumbukumbu ya mtazamaji. Aliyewafuatilia wawili hao kwa miaka kumi alijua hasira ya Mama Kayai kabla hajafungua kinywa, akacheka kimya chake. Wengi hata waliamini kwamba Wanjau na Khavere walikuwa mume na mke kweli. Lafudhi ilibaki, lakini sasa ilikuwa sauti ya mtu mmoja mahususi, si ya kabila zima.

Sikio la umma nalo lilibadilika. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, utani wa makabila haukuweza tena kusikika kama ulivyosikika mwaka 1986. Kwa maoni yangu, Ojwang' alinusurika kwa sababu alikwisha kuwa Ojwang' tu.

Ushindi huo ulikuwa pia udhaifu. Tulinganishe na Vioja Mahakamani, kipindi ndugu cha shirika hilo hilo. Pale mhimili ni mahakama yenyewe: kizimba, hakimu, kiongozi wa mashtaka. Mshtakiwa wa leo huondoka, wa kesho huingia, na fremu haitikisiki. Vitimbi kilijengwa juu ya watu. Wanjau alizeeka, macho yakadhoofika, akafariki Julai 2015. Mwigizaji yeyote hodari angeweza kuiga lafudhi ile. Kumbukumbu ya watazamaji haikuwa na mrithi.

Papa Shirandula wa Citizen alianzia pengine, kwenye siri: bawabu anayetoka nyumbani na suti ili mkewe Wilbroda amdhanie kuwa mkubwa wa ofisi. Msingi huo ni wa hali, na kinadharia ungeweza kumeza wahusika wapya daima, kama ilivyotokea kwa miaka mingi. Hata hivyo, Charles Bukeko alipofariki Julai 2020, kipindi kilikoma. Siri ilikuwa na mwenyewe.