Magonjwa Yanayoandamana: Inflamesheni na Umetaboli katika Kaya za Sengerema

Inflamesheni ni nini

Inflamesheni ni kinga ya mwili ikiwa kazini. Kidole kilichochomwa na mwiba wa sato huvimba, hupata joto na kuuma kwa sababu chembe nyeupe za damu zimekusanyika hapo kupambana na vijidudu. Kidonda kikipona, hali hiyo huisha. Inflamesheni ya muda mrefu huwa ya chini chini: aghalabu haiumi, hudumu kwa miaka, na huharibu viungo vyenye afya.

Inavyovuruga umetaboli

Umetaboli ni kazi ya mwili ya kugeuza chakula kuwa nguvu na kuweka akiba. Ugali, wali na viazi vitamu huwa sukari katika damu. Insulini, homoni inayotengenezwa na kongosho, huiwezesha sukari hiyo kuingia ndani ya seli. Mafuta yakijaa tumboni na kwenye ini, huchochea inflamesheni, nayo hudhoofisha kazi ya insulini. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi hadi huelemewa, na kisukari cha aina ya pili huanza. Sukari iliyozidi nayo huumiza kuta za mishipa na kuongeza inflamesheni. Ndiyo maana kisukari, shinikizo la juu la damu, kiharusi, ugonjwa wa moyo na wa figo mara nyingi humpata mtu mmoja.

Maambukizi sugu

Sengerema iko kando ya Ziwa Victoria, na huko maambukizi nayo huchangia. Mayai ya minyoo ya kichocho cha tumbo hunasa kwenye ini. Kinga huyazingira na kuacha makovu, hadi mishipa ya ini huziba, bandama huvimba na mgonjwa huweza kutapika damu. Virusi vya Ukimwi (VVU) huiweka kinga vitani muda wote, ingawa dawa za kufubaza virusi (ARV) huipunguza hali hiyo sana.

Kifua kikuu na kisukari huchocheana: kisukari hudhoofisha kinga, na kifua kikuu hupandisha sukari. Utafiti wa jijini Mwanza uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta kisukari kwa takriban wagonjwa 17 katika kila 100 wa kifua kikuu, na kwa 9 katika kila 100 wasio na kifua kikuu.

Kujikinga nyumbani

Mboga za majani, kunde, choroko, maharage na dagaa hufaa zaidi kuliko soda na vyakula vya kukaanga. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani kijiko kimoja cha chai. Anayekaa dukani au kwenye bodaboda kutwa anahitaji kutembea kwa kasi angalau dakika 150 kwa wiki. Tumbaku na moshi wa jikoni huchochea inflamesheni, hivyo jiko lipate hewa ya kutosha.

Kupima na kutibu

Aliyepatikana na ugonjwa mmoja apimwe na mengine. Mgonjwa wa kifua kikuu hupimwa sukari na VVU. Mwenye kisukari hupimwa shinikizo, figo, macho na miguu. Shinikizo linalofikia 140/90, au sukari ya milimoli 7 kwa lita kabla ya kula chochote asubuhi, hurudiwa kupimwa ili kuthibitishwa. Vipimo vya awali huanzia zahanati au kituo cha afya. Wanaohitaji ubingwa hupewa rufaa hadi Hospitali ya Bugando, Mwanza. Dawa zisiachwe kwa kujisikia nafuu, kwa kuwa madhara huendelea hata pasipo maumivu.