Istilahi ‘Kuflashi’: Kuandika au Kufuta?

Nchini Kenya, kitenzi ‘kuflashi’ kimebeba maana zaidi ya moja. Aliyepungukiwa na salio humflashi mwenzake ili apigiwe. Fundi naye huiflashi simu iliyogoma kuwaka. Makala haya yanashughulikia maana ya pili, na yanadai kwamba kuifasiri kuwa ‘kuweka programu upya’ ni kuficha nusu ya tendo lenyewe.

Asili ya neno ni kumbukumbu ya flashi, iliyobuniwa na Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba, Japani, na kuwasilishwa kwa wataalamu mwaka 1984. Inasimuliwa kwamba jina lilipendekezwa na mwenzake, Shoji Ariizumi, kwa kuwa ufutaji wa data ulimkumbusha mmweko wa kamera. Kiasili, basi, neno linataja kufuta. Muundo wa kumbukumbu hiyo unaafiki: kuandika hugeuza biti kutoka 1 hadi 0, lakini biti hairudi kuwa 1 mpaka bloku nzima ifutwe.

Hifadhi ya simu ya Android imegawanywa kwa vizigeu, mithili ya vyumba: kimoja cha kuanzishia mfumo, kingine cha mfumo wenyewe, kingine cha data ya mwenye simu. Simu inapowashwa, programu ndogo iitwayo butiloda hutangulia kuamka na kuamsha nyingine. Katika simu nyingi, butiloda hiyo huweza kusimamishwa ili ingojee amri za kompyuta kupitia waya wa USB. Amri ‘fastboot flash boot boot.img’, mathalani, hutaja kwanza kizigeu, kisha faili la kukijaza. Kilichokuwamo hutoweka.

Aidha, kwa kawaida butiloda hukataa amri hiyo kabla ya kufunguliwa, na ufunguaji huo hufuta data yote ya mwenye simu kwa makusudi, ili mwizi asiisome. Mteja aliyeambiwa tu kwamba simu ‘itawekwa programu’ hugundua baadaye kuwa picha zake hazipo.

Kuna anayeweza kupendekeza ‘kumwesha’. Ni neno zuri, ila linahifadhi taswira na kuacha maana. ‘Kufuta na kuandika upya’ ni refu, lakini linamwonya mteja mapema; nalo linamkumbusha fundi ahakikishe jina la kizigeu, kwani butiloda yenyewe ikifutwa kimakosa, hubaki msimbo uliochomwa ndani ya chipu tu, na si kila chipu hukubali kufufuliwa kwa waya wa USB.