Umeme wa Makaa ya Mawe: Nani Hulipa Mtambo Ukisimama?

Mwananchi akinunua tokeni za shilingi 500, hapati umeme wa shilingi 500. Humo mna VAT ya asilimia 16, ada ya asilimia 5 ya kupeleka umeme vijijini, gharama ya mafuta na marekebisho ya bei ya dola. Hayo hutozwa kando ya bei ya umeme wenyewe. Yasiyoonekana ni malipo ya kuweka mitambo tayari, kwani yamo ndani ya bei ya msingi ya kila uniti.

Mfano wake ni boti iliyokodiwa kwa siku nzima. Abiria wawe kumi au wawili, mwenye boti hudai pesa zake zote, na wawili hao hulipa zaidi.

Ndivyo ulivyokuwa mkataba wa mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa kujengwa Kwasasi, Lamu. Mwaka 2019, wachambuzi wa taasisi ya IEEFA walikadiria kwamba malipo hayo yangefikia angalau dola milioni 360 kwa mwaka, kwa miaka 25, hata usipozalishwa umeme wowote. Jumla ni dola bilioni 9. Wakati huo matumizi ya nchi nzima, hata saa za jioni yanapopanda, hayakufika megawati 2,000. Usiku wa manane hushuka mno, hata mvuke wa Olkaria, ambao hauagizwi kwa meli, hukosa wateja. Makaa ya Lamu yangetoka ng'ambo, hivyo shilingi ikiyumba, bili nayo ingepanda.

Mwenye nyumba angeweza kuzima taa mapema. Fundi wa kuchomelea vyuma au muuza barafu hana nafasi hiyo. Angeongeza bei, na mvuvi anayenunua barafu angeongeza bei ya samaki.

Juni 26, 2019, Mahakama Maalum ya Mazingira ilifuta leseni ya mradi kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Oktoba 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Malindi, ilishikilia uamuzi huo.

EPRA hupitia bei ya msingi kila baada ya miaka mitatu, na wananchi hualikwa kutoa maoni. Wengi hufika kuuliza uniti itauzwa kwa shilingi ngapi. La kuuliza kwanza ni hili: mtambo usipofanya kazi, mkataba unasema tulipe kiasi gani?